Kamisheni ya Bi Ardis

Jumatano, 1 Oktoba
Leo ndiyo ruhusa ya kuongea na wazee habari za bima zao za afya za mwakani. Kuandikisha bado mpaka tarehe kumi na tano, lakini kuongea ruksa. Simu imeanza saa moja asubuhi, na kila nikipokea lazima nianze na ile sala yetu mawakala: "Mazungumzo haya yanarekodiwa." Nimemwambia hivyo mwalimu aliyenifundisha kusoma. Akaniuliza kama nimekamatwa na polisi.

Vern, mume wangu, anasema mwaka huu hasira zangu niziandike, nisimpigie yeye kelele mpaka Desemba. Haya, naandika.

Ijumaa, 3 Oktoba
Mvua tupu. Wateja watano, wote wameona tangazo la yule mwigizaji mzee anayeahidi meno ya bure. Hakuna meno ya bure! Nimesema mpaka sauti imekauka.

Jumatatu, 6 Oktoba
Balaa. Kampuni ya Kijani inajitoa wilayani kwetu kuanzia Januari. (Naziita kwa rangi za kadi zao, maana majina yao yote yanafanana na dawa ya kikohozi.) Nusu ya wazee wangu wako Kijani. Kila mmoja inabidi achague kampuni nyingine kabla ya tarehe saba Desemba, asipochagua anabaki na Medicare kavu, ile bima ya msingi ya serikali kwa wazee, haina hata dawa ndani yake.

Watu hudhani nalipwa kwa kuongea. Silipwi senti. Nalipwa mteja akisaini: mwaka wa kwanza fungu kubwa, halafu kila mwaka anaobaki chini ya jina langu, nusu yake. Hiyo nusu ndiyo ugali wetu, ndiyo mafuta ya kupashia nyumba. Mteja akisainishwa na wakala mwingine, nusu inahamia kwa huyo mwingine na hairudi. Na akihama ndani ya miezi mitatu ya kwanza, hata nilichokwisha kula nakitapika.

Bi Ardis amepiga, kama kila Jumatatu tangu mama alipofariki. Ana miaka themanini na moja, alikuwa jirani yetu nikiwa mtoto, na mama yake Vern hakunipenda nusu ya anavyonipenda yeye. Ana ugonjwa wa macho wa uzeeni. Kila mwezi anapelekwa mjini Duluth kuchomwa sindano ndani ya jicho. Ndani ya jicho! Na anakwenda amejipaka rangi ya mdomo. Nimeangalia: Kijani ikiondoka, daktari wake anapokea Kadi ya Buluu tu. Kampuni ya Nyekundu nayo ipo, lakini daktari wao wa macho wa karibu yuko Minneapolis, mwendo wa saa nne.

"Basi mimi Buluu," akasema. "Lakini waanze wenye shida, mwanangu. Mimi ni wako, nitasaini wa mwisho."

Ndivyo alivyo. Hata keki hachukui kipande cha kwanza.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mkutano wangu wa Kampuni ya Buluu, ukumbi wa chini kanisani. Sheria inasema biskuti na kahawa ruksa, mlo marufuku, kwa sababu serikali inaogopa wazee watahongwa kwa sahani ya nyama. Nimenunua biskuti. Nimepika kahawa. Nimepanga vipeperushi. Mambo safi.

Mara Bi Ardis huyo anashuka ngazi, amekumbatia trei lililofungwa blanketi. Hotidishi, ule mlo wetu wa kuokwa! Nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, viazi juu, na juu ya viazi kaponda konfleksi, maana yeye peke yake mji mzima ndiye anayeweka konfleksi. Nyuma yake wanawake wanne, kila mmoja na trei lake. Nikakimbilia ngazini.

"Bi Ardis, nakuomba, rudisha garini. Sheria hairuhusu chakula."

"Chakula kiko wapi? Hiki ni cha kuonja tu."

"Trei la watu ishirini!"

"Basi watu ishirini waonje. Nipishe, mikono inaungua."

Nimebishana mpaka jasho. Lakini katika kanisa letu mwanamke haingii ukumbi wa chini mikono mitupu, hata kwenye mkutano wa kuzibua mabomba. Nikashindwa. Watu wakala, wakaongeza, wakasifu. Tanner Niemi naye akatokea, yule wakala kijana ambaye uso wake uko kwenye bango pale njia panda ya Duluth, meno nje kama farasi. Hakualikwa na mtu. Kala sahani mbili.

Jumanne, 21 Oktoba
Wanane wamesaini Buluu. Barafu ya kwanza kwenye kioo cha gari. Nina furaha, niandike hilo pia.

Jumatano, 29 Oktoba
Nimesimamishwa.

Barua pepe imeingia nikiwa kwa mteja, kalamu yake iko hewani. Kampuni ya Buluu imepata taarifa kwamba niliwapa watu mlo kwenye mkutano, na mpaka uchunguzi utakapokwisha nisiandikishe mtu yeyote kwao. Ilibidi nimpokonye mzee wa watu kalamu. Akaniuliza, "Nimefanya nini?" Nikamwambia hujafanya kitu, ni mimi, nikatoka na kofia yangu nimeisahau mezani kwake.

Unga umemwagika. Nyekundu naweza kuuza. Buluu siwezi. Na karibu kila mzee wangu anahitaji Buluu.

Vern ananiambia nivute pumzi. Nimevuta. Bado nataka kumnyonga mtu.

Alhamisi, 30 Oktoba
Ni Tanner. Nani mwingine? Nyekundu au Buluu, kwake ni sawa, yeye anauza zote. Mimi nikitolewa, wateja wangu wanamdondokea mdomoni. Kala chakula chetu, kaenda kutusemea. Sahani mbili!

Jumapili, 2 Novemba
Theluji kidogo. Sina hamu ya kuandika.

Jumamosi, 8 Novemba
Siku ya kwanza ya kuwinda paa. Mji hauna mwanamume. Vern yuko porini na supu ya jana, na simu haikulia hata mara moja.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimekutana na Tanner dukani, kwenye jibini.

"Bi Lorna, habari za siku?"

"Habari unazo wewe. Ulizipeleka Buluu."

Akashika tama kama mtu wa filamu. "Mimi? Bi Lorna, mimi nilikula sahani mbili. Nikienda kushtaki mlo, si najishtaki na mimi?"

"Kwa njaa yako ya wateja, ungeshtaki hata mama yako."

Watu wawili walikuwa wanasikiliza na kujifanya wanasoma bei. Tanner alirudisha jibini yake kwenye rafu akaondoka, na mimi nikabaki nimesahau nilichofuata.

Jumatano, 12 Novemba
Mkaguzi wa Buluu amenipigia leo. Bi Whitcomb, sauti tamu kama ya mhudumu wa ndege. Naye pia ameanza na ile sala: mazungumzo haya yanarekodiwa.

"Nani alileta chakula?" akauliza.

"Watu walikuja na vyao. Ni desturi ya kanisa."

"Tuliyenaye kwenye rekodi anasema umepika wewe."

"Nani huyo? Nitajie!"

"Hakutaja jina. Alipiga namba iliyo kwenye kipeperushi chako. Kwa kweli hakuwa analalamika, alikuwa anakusifu. Alitaka upandishwe cheo." Akanisomea alivyosema: Lorna ametulisha chakula cha moto, kakipika kwa mikono yake, hakuna aliyetoka na njaa. Kisha, Bi Whitcomb anasema, yule mama akamsomea mpokea simu mapishi yote. "Inaonekana siri ni konfleksi," akaongeza.

Nilikaa chini sakafuni pale pale jikoni.

Bi Ardis. Kapiga simu kunitilia neno zuri. Na kwa kuwa kwetu mtu akijisifu chakula chake ni aibu kubwa kuliko kuiba, sifa zote kanivika mimi. Angesema tu "nilileta mwenyewe" lingekuwa kosa dogo. Sasa ni wakala aliyewapikia wateja. Nikamuuliza Bi Whitcomb, je, mpishi halisi akijitokeza? Akasema chakula kililiwa kwenye mkutano wangu, faili liko kwa wakubwa, uamuzi ni Januari hata iweje.

Januari! Mlango unafungwa tarehe saba Desemba.

Nimemwambia Vern. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Utamwambia?" akauliza.

"Nikimwambia atakufa."

Si utani. Mwaka wa themanini na tisa aligonga sanduku letu la barua kwa gari. Sanduku la barua! Alituletea mkate kila Ijumaa mpaka mama alipozikwa. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba kakumwagia unga.

Alhamisi, 13 Novemba
Tanner hana kosa. Nimeandika hapa ili nilione. Linaniuma kama jipu.

Jumatatu, 17 Novemba
Bi Ardis amepiga. Habari za kusimamishwa kazipata benki, na benki wanapata wapi sijui.

"Nimesikia walivyokutenda hao Buluu," akasema. Nilisikia kikombe kinagonga sahani kwa hasira. "Kampuni hiyo siitaki tena. Hata kadi yao nisiione. Niandikishe Nyekundu."

"Bi Ardis, Nyekundu haina daktari wako."

"Nyekundu inakulipa wewe au haikulipi?"

"Inanilipa."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza! Sindano yako nani atakuchoma? Au utakuwa unakwenda Minneapolis kila mwezi, saa nne kwenda, saa nne kurudi, kwenye theluji?"

"Macho haya yameona ya kutosha, mwanangu. Na huyo Tanner usinitumie hapa. Mimi na wewe, basi."

Nimekata simu nikapiga ngumi mlango wa friji. Mwanamke mkaidi! Ananipenda mpaka ananiua na anajiua mwenyewe.

Alhamisi, 20 Novemba
Nimemeza mate nikaenda ofisini kwa Tanner. Nikamwambia: samahani kwa maneno ya dukani. Akasema yameisha. Nikamwambia: nina wazee wanaohitaji Buluu, wachukue. Akaniangalia kama niliyechanganyikiwa.

"Wote? Bi Lorna, hao ni wako kwa miaka yote hiyo. Nikiwasainisha, hiyo nusu ya kila mwaka inakuja kwangu. Hairudi kwako hata ukirudishwa kazini."

"Unanifundisha kazi?"

Akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini, anaweza kunigawia kimya kimya. Nikamwambia asirudie kusema hivyo, tutanyang'anywa leseni wote wawili. Akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Ni mtoto tu. Sikuwahi kuona hilo kwenye bango.

Jumatatu, 24 Novemba
Nimempitisha Tanner nyumba kwa nyumba. Mimi nafungua mlango, nasema huyu ni mtu mzuri, halafu narudi kukaa garini, maana sipaswi kuwepo wakisaini Buluu. Inchi sita za theluji. Kwenye nyumba ya tatu alichelewa, nikaenda kuchungulia: alikuwa anamwingizia mzee kuni. Nikajisikia vibaya kwa yale ya farasi.

Kila mlango unaofungwa, mwaka wangu unapungua. Nilihesabu mara moja nikaacha kuhesabu.

Alhamisi, 27 Novemba
Sikukuu ya Shukrani. Bi Ardis alikuja kula bata mzinga kwetu. Akasimama barazani akaniuliza, "Vern ameupinda lini huu mlango?"

Mlango umenyooka.

Daktari alimwonya: siku mistari iliyonyooka ikianza kupinda, asikose sindano hata mwezi mmoja. Mezani alimimina mchuzi pembeni ya sahani, juu ya kitambaa, akaendelea kuzungumza habari za mashada ya Krismasi. Vern akafuta taratibu.

Wakati wa kuvaa koti akaninong'oneza, "Fomu ya Nyekundu umeileta?"

"Nitaileta."

Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumanne, 2 Desemba
Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Tanuri la kupashia nyumba limelia usiku kucha, na fundi anasema halitavuka Januari bila kubadilishwa kipande ambacho bei yake nisingependa kuiandika.

Nimejaza fomu ya Nyekundu ya Bi Ardis. Jina, anwani, namba ya Medicare, dawa zake zote. Imebaki sahihi tu. Kichwani nimejipangia hoja nzuri kabisa: asaini Nyekundu sasa, kamisheni iingie, na Buluu wakinirudisha nimhamishe. Mwezi mmoja bila sindano, labda miwili. Halafu na kamisheni yenyewe Nyekundu watainyang'anya akihama mapema, kwa hiyo itabidi nimbakize mpaka Aprili. Kwa hiyo si mwezi mmoja. Ni mitatu. Nilikuwa naongea peke yangu, nasikia kabisa ninavyojidanganya, na bado nikaiweka fomu kwenye mkoba.

Vern aliiona. Akatoka kwenda kupasua kuni. Afadhali angesema.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimejaribu mara ya mwisho kwa simu. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemwita daktari wake, naye kamfokea. Jibu moja: "Kampuni iliyomdhulumu Lorna siisaini."

Nimefikiria kumwambia ukweli. Na nimeona mwisho wake: akijua simu yake ndiyo iliyoniponza, ndiyo kabisa atasaini Nyekundu, anilipe deni lake. Atanilipa kwa macho.

Ijumaa, 5 Desemba
Nimefanya. Nitaandika yote maana sina wa kumwambia isipokuwa Vern, na Vern tayari kaenda kulala bila kuzima taa yangu.

Nimefika kwake saa nne asubuhi. Keshaweka kahawa na kikombe changu, kile cha maua. Kalamu keshaitoa. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, siku hizi anatazama watu kwa ubavu, ananitafuta mahali ambapo bado naonekana. Akasema, "Lete hiyo fomu, tukamilishe, halafu unisaidie kutundika taa za mti."

Nikasema, "Bi Ardis, Buluu hawakunionea."

"Usiwatetee."

"Siwatetei. Niliwapigia mwenyewe. Niliwaambia kulikuwa na chakula."

Akacheka. "Wewe? Kwa nini ujichomee?"

"Sikujichomea." "Niliogopa watasikia kwa mtu mwingine, nikawahi. Niliwaambia ni wewe. Niliwatajia jina lako, kwamba nilikukataza ukaleta kwa nguvu. Nilidhani wakijua ni wewe mimi wataniacha."

Saa yake ya ukutani ina ndege wa kila saa, na nilikuwa nasikia mashine yake ikikwaruza.

"Ulinisemea," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi. Kwa watu wa Buluu."

"Ndiyo, Bi Ardis."

"Nimekufunga kamba za viatu mimi. Nimemwosha mama yako siku aliyokufa, kwa mikono hii, kwa sababu wewe ulishindwa." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Na mimi huku nawapigia hao watu simu kukusifu. Nakutafutia cheo! Nikawaambia umepika wewe, ili sifa ziwe zako."

Basi akayasema mwenyewe, mbele yangu, kwa majivuno, na hakuona kilichokuwa ndani yake. Nilishika ukingo wa meza. Ningetamka neno moja tu angeelewa. Sikulitamka.

"Sikujua," nikasema.

"Ungejuaje? Ulikuwa na haraka ya kujiokoa." Akachukua kikombe changu, kahawa bado imejaa, akaimwaga kwenye sinki. "Toka."

"Natoka. Lakini Jumapili ndiyo mwisho, na sindano—"

"Sihitaji wewe uniambie mwisho ni lini. Huyo kijana wa kwenye bango, Tanner. Namba yake?"

Nikamwandikia kwa herufi kubwa, nene, ili aisome. Akaikunja akaitia kwenye mfuko wa aproni. Pale mlangoni akasema, "Buluu walifanya vizuri kukusimamisha." Nikashuka ngazi nimeshika chuma maana barafu ilikuwa mbaya, na garini nikalia kama mtoto, kamasi na vyote.

Fomu ya Nyekundu nimeichoma kwenye jiko la kuni.

Jumamosi, 6 Desemba
Tanner kapiga saa sita mchana. Bi Ardis kasaini Buluu, imekubaliwa, sindano ya Januari haina shida. "Alikuwa amenisubiri barazani na koti," akasema. "Umemfanyaje, Bi Lorna? Juzi kanitimua na ufagio."

Nikamwambia wateja hubadilisha mawakala, ndiyo kazi yetu, azoee.

Jumapili, 7 Desemba
Siku ya mwisho. Saa sita usiku mlango unafungwa, na mimi sina wa kumpigia.

Kanisani nilichelewa nikabaki nimesimama nyuma karibu na mlango. Bi Ardis alikuwa kwenye benchi la mbele. Huwa ananishikia nafasi kwa mkoba wake. Leo mkoba ulikuwa mapajani. Wakati wa kupeana amani watu waliinuka, wakageuka, wakaanza kushikana mikono, na yeye akageuka pia. Aliinamisha kichwa ubavu kidogo, akapita na macho watu wote wa katikati, mpaka kwangu. Aliniona vizuri kabisa. Akageuza uso.